Kuisoma Nuru ya Nyota Fukara

Msafara wa Richard Burton na John Speke ulipoingia Kazeh, kwenye eneo la Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, wenyeji wake walizijua njia zote: ya Ujiji, ya Karagwe, ya kurudi pwani. Aliyehitaji nyota ili ajue alipo ni Speke. Usiku alitoa sekstanti, akapima kimo cha nyota, akapata kwamba yuko nyuzi tano hivi kusini ya ikweta. Nyota ilimwonyesha mahali tu. Kama angeuliza imeumbwa kwa kitu gani, hapakuwa na mtu duniani wa kumjibu.

Jibu lilianza kupatikana mwaka 1859, wakati wasafiri hao wameshashuka pwani. Kule Heidelberg, Ujerumani, Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen walionyesha kwamba kila elementi ikiunguzwa hutoa mistari yake yenyewe ya rangi, na kwamba mistari myeusi iliyomo katika mwanga wa jua ni alama za elementi hizohizo. Tangu hapo nuru ikitawanywa kuwa spektra hutaja chanzo chake. Huo ndio ufundi ninaousifu, na tawi lake linalonivutia zaidi ni lile la kusoma nyota ambazo karibu hazina la kusema: vibete baridi, fukara wa metali.

Tuichukue moja. Magharibi ya Suheli, nyota waliyoifahamu vizuri mabaharia wa Oman, kuna nyota hafifu isiyoonekana kwa macho matupu. Mholanzi Jacobus Kapteyn, akikagua picha za anga zilizopigwa Cape Town, aligundua kwamba nyota iliyoorodheshwa mwaka 1873 haipo mahali pake. Robert Innes, aliyekuwa kulekule Cape, akaiona kando kidogo. Ilikuwa imehama, na sasa huitwa nyota ya Kapteyn. Tangu Burton na Speke wafike Kazeh hadi leo imesogea zaidi ya robo tatu ya upana wa mwezi mpevu, mwendo ambao ni nyota chache mno zinazoufikia. Spektra inaongeza jambo ambalo picha haiwezi kulisema: nyota hiyo inatukimbia kwa kilomita 245 kila sekunde. Umbali wa Bagamoyo hadi Tabora kwa mstari ulionyooka ingeumaliza kwa sekunde tatu hivi. Msafara ule ulitumia zaidi ya miezi minne.

Wanaastronomia huita metali kila kisicho hidrojeni wala heliamu, hata oksijeni. Mhunzi wa majembe wa enzi za misafara angewacheka, na angekuwa na haki yake. Lakini chuma chake kilipikwa ndani ya nyota zilizokufa kabla jua halijazaliwa, ilhali nyota ya Kapteyn iliumbwa mapema, chuma kikiwa bado adimu katika Njia ya Maziwa. Tena vibete vya aina hii huunguza akiba yao polepole kiasi kwamba hakuna kimoja kilichowahi kufa kwa uzee tangu ulimwengu uanze. Nyota kubwa za kizazi chao zimekwisha. Hivi bado vipo, na havijabadilika sana.

Kuvisoma ni kazi ya jasho. Uso wa jua una joto la nyuzi 5,500 hivi za Selsiasi. Wa nyota ya Kapteyn ni kama 3,300. Katika ubaridi huo atomi hushikana kuwa molekuli, na molekuli hutafuna spektra kwa mikanda mipana inayolaliana. Unatakiwa upime kina cha mabonde mahali pasipo na tambarare hata moja. Hapo ndipo werevu wa mafundi hawa unaponifurahisha. Walichagua kulinganisha mikanda miwili. Oksidi ya titaniamu inahitaji metali mbili, hivyo ufukara unapozidi hufifia upesi. Hidridi ya kalsiamu inahitaji metali moja tu, na mwenzake ni hidrojeni, isiyokosekana kamwe. Zaidi ya hayo, angahewa ikipungukiwa metali huwa angavu, nuru hutoka kina cha chini zaidi penye shinikizo kubwa, na hidridi hupata nguvu. Mkanda mmoja ukififia na mwingine ukishikilia, msomaji anajua yuko mbele ya mzee. Mwaka 1997 John Gizis alivipanga vibete hivi kwa kipimo hicho, na miaka kumi baadaye likaongezwa kundi la mafukara kupindukia.

Ufundi huu pia unajua kujirudi, na kwangu hiyo ni sifa kubwa. Mwaka 2014 kundi la watafiti lilitangaza sayari mbili zinazoizunguka nyota ya Kapteyn, kwa kusoma mtikisiko mdogo mno wa mistari yake. Habari ilienea, kwani nani asingependa dunia yenye umri mara mbili ya yetu? Mwaka uliofuata wengine wakatilia shaka, na mwaka 2021 uchambuzi wa vipimo vingi zaidi ukaonyesha kwamba mtikisiko ule unaelezeka kwa kujizungusha kwa nyota yenyewe, pamoja na mabadiliko ya uso wake. Spektra nyingi za nyota hiyo zimo katika hifadhi za wazi, na mwanafunzi wa Tabora mwenye kompyuta na intaneti anaweza kuzipakua akapima mikanda ile miwili mwenyewe.