Miezi Kumi na Miwili ya Fanny Hensel

Ufundi wa mtunzi huonekana pale sauti moja inapoipokea nyingine. Sikiliza Desemba ya Fanny Hensel. Nota zinatimka juu ya piano kwa kasi ya kukata pumzi, kisha mbio zinalegea, na humo humo unainuka wimbo wa Krismasi wa Martin Luther, “Vom Himmel hoch”. Ni kama mbao mbili zilizoungwa na seremala mahiri: pitisha kidole, kiungo hukihisi.

Desemba ni kimojawapo cha vipande vya Das Jahr, yaani Mwaka, alivyovitunga Berlin mwaka 1841: kila mwezi na chake, na cha kumi na tatu cha kuuaga mwaka. Januari aliiita ndoto, na kweli ndani yake zinapita sauti za miezi ambayo bado haijafika. Machi huanza kwa unyonge, hadi wimbo wa Pasaka ujitokeze na kukua. Mtu aliyepanga hivyo aliiona kazi nzima kama kitu kimoja. Nakala safi aliiandika kwenye karatasi za rangi mbalimbali, na mumewe, mchoraji Wilhelm Hensel, akazitilia picha.

Hata hivyo, ukiacha Septemba, aliyoitoa mwenyewe mwaka 1846, mkusanyo huu haukuchapishwa wote hadi 1989. Sababu inajulikana. Alipokuwa binti mdogo, baba yake alimwandikia kwamba muziki huenda ukawa kazi ya mdogo wake, Felix Mendelssohn, lakini kwake yeye ungebaki pambo. Nyimbo zake sita zilitoka kwa jina la Felix. Mwaka 1842 Malkia Victoria wa Uingereza aliuchagua mmoja wa hizo na kuuimba mbele ya Felix, naye akalazimika kukiri kwamba mtunzi ni dada yake. Fanny alianza kuchapisha mikusanyo ya kazi zake kwa jina lake akiwa na miaka arobaini. Mwezi Mei 1847 akafariki.

Habari hizi zinauma, nami naona zimesimuliwa kwa huruma mara nyingi zaidi kuliko kazi yake ilivyosikilizwa. Aliyeunga Desemba namna ile hahitaji kuhurumiwa. Enyi wapiga piano, na ninyi mnaofundisha, msichomoe mwezi mmoja wa kupambia tamasha. Pigeni Das Jahr yote, toka Januari hadi kipande cha kuaga. Haimalizi hata saa moja.