Ruzuku, Ushindani na Ushirikiano: Uhakiki wa Matangazo ya Ufadhili wa Vyuo Vikuu kwa Mfano wa Njoro

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kushughulika na riwaya, tamthilia na ushairi. Mazoea hayo ni mema, lakini yameacha nje aina moja ya utungo ambayo huenda inaathiri maisha ya mwanachuo wa Afrika Mashariki kuliko riwaya yoyote. Utungo huo ni tangazo linalowaita wasomi washindanie ruzuku ya ubia baina ya vyuo vikuu vya nchi mbalimbali. Tangazo hilo lina mtunzi, lina hadhira, lina wahusika, na lina dhamira, iliyo wazi na iliyofichika. Zaidi ya hayo, lina nguvu ambayo riwaya haina: asiyelisoma vizuri hukosa maabara na gari la utafiti, na wanafunzi wake hukosa karo.

Makala haya yanakusudia kulitazama tangazo hilo kwa jicho la mhakiki, na mfano wake mkuu ni Chuo Kikuu cha Egerton kilichoko Njoro, karibu na mji wa Nakuru. Hoja inayotetewa ni kwamba mgogoro uliomo baina ya dhana ya ushindani na dhana ya ushirikiano hautatuliwi na nia njema ya mtoaji fedha. Mgogoro huo hutatuliwa, au huachwa ukakua, katika usimamizi wenyewe: nani anatunga masharti, kwa lugha gani, nani anahukumu maandiko, na kazi inafuata kalenda ya nani.

Historia kwa Muhtasari

Egerton ilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo iliyoasisiwa na mlowezi wa Kiingereza, Lord Maurice Egerton wa Tatton, kwa ajili ya vijana wa Kizungu. Mwaka 1950 ilipandishwa daraja kuwa chuo cha kilimo. Mwaka 1979 Serikali ya Kenya na USAID, shirika la misaada la Marekani, zilifadhili upanuzi mkubwa wa chuo hicho. Mwaka 1986 kilifanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1987 kikawa chuo kikuu kamili kwa Sheria ya Bunge.

Upanuzi wa mwaka 1979 ulikuwa jambo la serikali mbili. Mfumo wa mashindano ulikuja kushika nafasi polepole. Mwaka 1975 Bunge la Marekani lilikuwa limeongeza Sura ya XII katika sheria ya misaada ya nje, na kwa sura hiyo vyuo vikuu vya kilimo vya Marekani vikapewa nafasi rasmi katika kazi ya kupambana na njaa ulimwenguni. Humo ndimo ilimozaliwa mipango ya utafiti wa pamoja iliyojulikana kwa kifupi kama CRSP. Baadaye shirika la Higher Education for Development, lililoanza mwaka 1992 kwa jina jingine, likawa msimamizi wa mashindano ya ubia wa vyuo kwa fedha za USAID. Mwaka 2009, chini ya mpango wa Afrika na Marekani wa elimu ya juu, mamia ya maandiko yalipelekwa, na 20 tu yakachaguliwa. Kila moja lilipewa dola 50,000, na fedha hizo zilikuwa za kupanga tu. Ili kupata fedha za utekelezaji, washindi hao walitakiwa kushindana tena.

Maneno na Maana Zake

Yafaa uchambuzi uanze na maneno. Neno “ruzuku” lina asili ya Kiarabu na ni ndugu wa “riziki”. Katika matumizi ya kale, mtendaji wa kitenzi “kuruzuku” ni Mungu, naye humruzuku mja asiye na cha kulipa. “Mfadhili” naye ametoka katika “fadhila”. Neno la Kiingereza linalotafsiriwa kwa “ruzuku” halina ibada ndani yake, kwani ni neno la sheria lenye maana ya haki inayotolewa kwa hati na mwenye mamlaka. Kwa hiyo Mwafrika anayesoma tangazo na kulifikiri kwa Kiswahili hujikuta, pasipo kukusudia, amesimama mahali pa mja. Mwenzake wa ng’ambo amesimama mahali pa mtu anayefunga mkataba. Tofauti hiyo huonekana katika maandiko yenyewe, ambamo shukrani hutangulia hata kabla ya kitu kutolewa.

Historia inatoa funzo jingine juu ya neno hilo. Vyuo vikuu vingi vya kilimo vya Marekani viliasisiwa kutokana na sheria ya mwaka 1862 iliyowapa majimbo ardhi ya kuuza ili yapate fedha za elimu, na ardhi hiyo ilikuwa imetwaliwa kwa wenyeji wa bara lile. Njoro nayo ilipokea zawadi ya ardhi kutoka kwa mlowezi, miaka 35 baada ya mapatano ya mwaka 1904 yaliyowahamisha Wamaasai kutoka eneo la kati la Bonde la Ufa. Mhakiki anayeulizia ruzuku hana budi kuuliza mtoaji alikipata wapi anachokitoa.

Tukio la pili la kiisimu ni la kimofolojia. “Ushindani” na “ushirikiano” yote mawili yana kiambishi -an- cha kutendana. Lakini kutendana kwa aina moja si kutendana kwa aina nyingine. Wanaoshirikiana hubeba kitu kimoja kwa pamoja, ilhali wanaoshindana hukitaka kitu kimoja ambacho mmoja wao atakikosa. Tangazo la ruzuku ya ubia humwamuru msomi atende yote mawili kwa wakati mmoja: ashirikiane na chuo cha mbali na ashindane na chuo cha jirani. Mhadhiri wa Njoro atamwandikia barua mwenzake wa Wyoming kila juma, na atamficha andiko lake mwenzake wa Eldoret au Maseno anayechunguza udongo uleule. Hivyo mashindano yaliyokusudiwa kujenga udugu wa mbali yanaweza kuvunja ujirani wa karibu.

Neno la tatu ni “ubia”. Mbia, kwa desturi ya biashara ya Waswahili, huchangia mtaji, hugawana faida na hushiriki hasara. Tangazo huita pande zote mbili wabia. Lakini mara nyingi mmoja ndiye mpokeaji mkuu anayetia sahihi na mtoaji fedha, naye mwingine hupewa mkataba mdogo chini yake. Mbia wa namna hiyo huwajibika kwa mbia mwenziwe kama karani kwa mwajiri, na ubia umebaki jina tu.

Wahusika na Wakati

Tangazo lina wahusika wachache, nao ni bapa. Yupo mhusika mkuu, yaani taasisi kiongozi, ambaye hutenda. Wapo wasaidizi wake, ambao hushirikishwa. Na yupo “mnufaika”, ambaye kwa kawaida ni mkulima, mfugaji au mwanamke wa kijijini. Yafaa ichunguzwe ni vitenzi gani anavyopewa mhusika huyo: hufundishwa, hujengewa uwezo, huhojiwa, hufikiwa. Karibu vyote viko katika kauli ya kutendwa. Katika masimulizi ya kubuni, mhakiki angemlaumu mtunzi kwa kuunda mhusika asiye na kauli wala utashi. Katika tangazo, kosa hilo hupita kwa jina la utaratibu.

Wakati nao ni suala la fani. Mkulima wa Njoro hupanda mahindi mvua za Machi na Aprili zinapoanza, naye huvuna kuelekea mwisho wa mwaka. Mwaka wa fedha wa Serikali ya Kenya huanza tarehe 1 Julai, na ule wa Serikali ya Marekani tarehe 1 Oktoba. Mradi unaofadhiliwa kutoka Washington na kutekelezwa Njoro hujikuta katika kalenda tatu, na mara nyingi kalenda inayotii nyingine ni ile ya shamba. Fedha zikichelewa miezi miwili, mhasibu huandika barua ya maelezo. Mtafiti wa mbegu huwa amekosa msimu mzima, na mwanafunzi wake huwa amepoteza mwaka wa masomo.

Mfano wa Mto Njoro

Mto Njoro hutoka katika msitu wa Mau Mashariki, hupita karibu na chuo chenyewe, na huingia Ziwa Nakuru. Mwaka 2001 Serikali ilitangaza kuondoa takriban hekta 35,000 za Mau Mashariki katika hifadhi ya msitu, hatua iliyozua mabishano makubwa. Mwaka 2003 ulianza mradi uliojulikana kama SUMAWA, uliochunguza bonde la mto huo. Mradi uliwaunganisha watafiti wa Egerton na wa vyuo vya Wyoming na Utah State, pamoja na wengineo, chini ya mpango wa CRSP wa mifugo uliosimamiwa na Chuo Kikuu cha California, Davis.

Hapana shaka mradi huo ulikuwa na faida. Ulisomesha Wakenya hadi shahada za juu, na uliwakutanisha wataalamu wa maji, wa mifugo na wa uchumi, ambao kwa kawaida hawasomani. Lakini mhakiki wa lugha ana jambo lake la kuuliza. Bonde hilo lina Waogiek, Wakipsigis, Watugen na Wakikuyu, na lugha inayowaunganisha sokoni na barazani ni Kiswahili. Neno la mzee wa Nessuit juu ya chemchemi iliyokauka linaweza kutoka katika Kiogiek, likapita katika Kiswahili cha msaidizi wa utafiti, likafika katika Kiingereza cha muhtasari wa kisayansi. Safari ya kwenda huwa imepangwa na kulipiwa. Safari ya kurudi huachiwa hisani ya mtafiti.

Hasara ya jambo hilo si ya heshima ya lugha peke yake. Mathalan neno “shamba” liliingia katika Kiingereza cha idara ya misitu ya Kenya tangu mwanzoni mwa karne ya 20, likiwa jina la utaratibu wa kuwaruhusu wakulima kulima katika msitu wa serikali huku wakitunza miche ya miti. Kwa msemaji wa Kiswahili, shamba ni mahali penye haki ya anayelima. Kwa afisa wa misitu, ni kibali cha muda. Ripoti inayotumia neno hilo pasipo kulieleza hubeba ugomvi mzima wa ardhi ndani ya silabi mbili, na jopo la waamuzi lililo mbali haliwezi kuuona.

Mashindano ya Nyumbani

Huenda ikadaiwa kwamba dawa ni kuwa na mashindano yanayosimamiwa na Waafrika wenyewe. Dai hilo lina uzito. RUFORUM, umoja wa vyuo vikuu ulioanza mwaka 2004 na makao yake yakiwa Makerere, ulikuwa na Egerton miongoni mwa vyuo 10 vya mwanzo. Mashindano yake yaliwaweka wanafunzi wa shahada ya uzamili ndani ya mradi tangu mwanzo, na hivyo mwanafunzi akawa mhusika badala ya pambo.

Hata hivyo, usimamizi wa nyumbani hauondoi matatizo yote. Mwaka 2016 Benki ya Dunia ilianza kufadhili vituo 24 vya ubora katika nchi 8 za mashariki na kusini mwa Afrika, kwa uratibu wa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lenye makao Kampala. Egerton ilishinda kituo kimoja, cha kilimo na biashara ya kilimo. Mada zilizoshindaniwa zilikuwa viwanda, kilimo, afya, elimu na takwimu. Lugha haikuwamo. Tena fedha hizo zilifika Kenya kama mkopo wa masharti nafuu. Kilichoshangiliwa chuoni kama ruzuku, katika vitabu vya Hazina kilikuwa deni. Hapa neno “ruzuku” linaficha jambo ambalo mlipa kodi wa Molo ana haki ya kulijua.

Pingamizi na Mapendekezo

Yupo atakayesema kwamba Kiswahili hakina istilahi, na kwamba waamuzi wa elimu ya maji wanaosoma Kiswahili ni wachache. Pingamizi la kwanza limepungua nguvu tangu Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilipotoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. La pili ni la kweli, na makala haya hayadai kwamba maandiko yote yaandikwe kwa Kiswahili. Yanadai mambo matatu. Kwanza, kila andiko linalohusu watu wa mahali fulani liwe na muhtasari katika lugha wanayoielewa, na muhtasari huo upewe alama. Pili, kila jopo liwe na mwamuzi mmoja anayeisoma lugha hiyo. Tatu, malipo ya mwisho yasitolewe kabla matokeo hayajarudishwa kijijini kwa lugha hiyo, na kazi ya tafsiri iwekwe katika bajeti tangu siku ya kwanza.

Masharti haya hayapiti uwezo wa taasisi zetu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikikubali kuwa lugha rasmi ya Jumuiya. Kilichobaki ni watu wa kuyadai, na hapo lawama inazirudia idara za Kiswahili zenyewe. Zimeyaona matangazo haya kuwa mambo ya watu wa kilimo na uhandisi, zikasubiri kuitwa kutafsiri vijitabu baada ya kazi kwisha.

Mwezi Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo USAID ikakoma kufanya kazi kama shirika. Waliopokea habari hiyo katika vyuo vya Kenya wengi waliipokea kama habari ya mvua: jambo linalokuja na kuondoka bila kuulizwa. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Lakini mashindano mengine yatatangazwa, na Wazungu, Waarabu, Wachina na Waafrika wenyewe watayatangaza. Tangazo lijalo litakapofika Njoro, yafaa idara ya Kiswahili ilisome kabla idara nyingine hazijaanza kulijaza, na iulize ni wapi katika kurasa zake mkulima wa Nessuit atajibiwa.