Utupu wa Nani? Uhakiki wa Lugha ya "Utupu wa Kiroho" katika Ushuhuda wa Kanisa, kwa Kuangalia Mpanda na Katavi

Katika mikutano ya Injili, na katika vijitabu vinavyogawiwa baada ya mikutano hiyo, kuna neno linalotumika siku hizi bila kuulizwa: utupu wa kiroho. Msikilizaji huambiwa kwamba moyoni mwake mna pengo, kwamba amejaribu kuliziba kwa pombe, kwa fedha au kwa waganga, na kwamba ni Yesu peke yake awezaye kulijaza. Katika makala hii twakusudia kulichunguza neno hilo: limetoka wapi, lina uzito gani, na lafanya nini likifikishwa kwa watu wa Mpanda na wa Mkoa wa Katavi kwa jumla. Hatuandiki ili kuwavunja moyo wainjilisti. Mtu akisema kwamba moyo wake ni mtupu, amemkabidhi mhubiri jambo zito, na kulijibu vibaya ni kumjeruhi.

1. Asili ya fundisho

Fundisho lenyewe ni la kale. Augustino, katika Maungamo aliyoyaandika kuelekea mwaka 400, aliyaona mahangaiko ya moyo kuwa dalili ya kwamba mwanadamu aliumbwa kwa ajili ya Mungu. Pascal, Mfaransa ambaye maandiko yake yalichapishwa mwaka 1670, miaka minane baada ya kufa kwake, alisema juu ya shimo ambalo vitu vyenye mwisho haviwezi kulijaza. Usemi wa "pengo lenye umbo la Mungu", ambao wahubiri wengi humpa Pascal, hauko katika maandiko yake; ni muhtasari wa watu wa baadaye. Tofauti hiyo si ndogo. Pascal aliliona shimo hilo kuwa alama ya heri waliyoipoteza wanadamu wote, yeye mwenyewe akiwamo. Usemi wa siku hizi umeligeuza kuwa kasoro ya msikilizaji, na mhubiri amekuwa fundi aliyekuja na kifaa cha kulizibia.

Mfano ulio wazi ni Kanuni Nne za Kiroho, kijitabu cha Bill Bright, Mmarekani aliyeanzisha Campus Crusade for Christ mwaka 1951. Hatuna budi kukitendea haki: ni kifupi, kinarejea Maandiko kila hatua, na wako waliosaidiwa nacho. Lakini tuiangalie michoro yake ya duara. Ndani ya duara mna kiti, na juu ya kiti imeketi ama nafsi ama Kristo. Hamna mtu mwingine humo: hamna mama, hamna ukoo, hamna wafu, hamna shamba wala serikali. Mtu aliyechorwa hivyo ni mgeni kwetu. Tukimhubiria yeye, huenda tukampita yule aliyeketi mbele yetu.

2. Neno lenyewe katika Kiswahili

Kiswahili chenyewe chatuonya. "Utupu" kwetu si hali ya chombo kisicho na kitu tu. Ni uchi pia. Ndivyo neno hili linavyotumika katika Mambo ya Walawi sura ya 18, katika Biblia yetu ya Union Version. Basi kumwambia mtu mbele ya mkutano kwamba yu mtupu ni karibu na kumvua nguo. Hamu aliuona uchi wa baba yake akaenda kuutangaza, nduguze wakaenda kinyumenyume na vazi mabegani, wakamsitiri (Mwa. 9:22-23). Mungu mwenyewe alipowakuta wazazi wetu wa kwanza katika aibu yao, aliwauliza, akawahukumu, kisha akawavika (Mwa. 3:9-21). Hukumu haikuachwa, lakini haikuwa neno la mwisho.

Dietrich Bonhoeffer, katika barua alizoziandika gerezani mwaka 1944, aliwashutumu wahubiri wanaopekua udhaifu wa watu ili wapate mahali pa kumpenyeza Mungu. Kwake, Mungu wa namna hiyo ni kiraka tu, naye hupungua kila pengo linapozibwa na kitu kingine. Shutuma hiyo yatuhusu. Mtu akihubiriwa kwamba Yesu ni dawa ya upweke, akapata mchumba na upweke ukaisha, atamhitaji Yesu kwa lipi?

3. Nchi isiyokuwa tupu

Katavi mara nyingi huelezwa kama nchi ya pembezoni, yenye mapori mengi na watu wachache. Lakini jina lake lenyewe lasimulia mengine. Karibu na Ziwa Katavi, ndani ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1974, upo mkwaju unaosemwa kuwa makao ya mzimu wa Katabi, na watu huacha sadaka shinani pake. Huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, Wamisionari wa Afrika walifika mwaka 1885. Reli ya kutoka Kaliua ilifikishwa Mpanda kwa ajili ya mgodi wa risasi. Mgodi ukafungwa, mji ukabaki. Wafugaji Wasukuma wamehamia na ng'ombe wao, na wachimbaji wadogo wamefuata dhahabu. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyefika bila mizigo ya rohoni.

Zaidi ya wote, tuwafikirie watu wa Katumba na Mishamo, waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Walikuja na imani: Wakatoliki, Waanglikana, Wapentekoste, pamoja na nyimbo zao na wazee wao wa kanisa. Liisa Malkki, aliyefanya utafiti Mishamo katika miaka ya 1980 na kuchapisha kitabu chake Purity and Exile mwaka 1995, aliwakuta watu waliojaa kumbukumbu, waliokuwa wakiisimulia historia yao tena na tena ili wapate kujielewa. Mwaka 2010 watu wapatao 162,000 wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania. Walikuwa wameukana uraia wa Burundi. Hata hivyo vyeti havikuanza kutolewa kwa wingi mpaka mwaka 2014, na katika muda huo ulikuwapo mpango wa kuwahamishia mikoa mingine. Mtu wa namna hiyo akisema kwamba ndani yake hamna kitu, je, anasema juu ya dhambi? Anasema juu ya wafu ambao hakuwazika? Au juu ya nchi asiyojua kama ni yake? Kijitabu hakiwezi kujua. Mchungaji aweza, akiuliza na kungoja jibu.

Wala Walutheri hatukufika huko mara ya kwanza na jukwaa la mkutano. Shirika la TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, lilishirikiana na Serikali na Umoja wa Mataifa katika kuyajenga makazi hayo. Visima na shule havikuwa mahubiri, na tusivigeuze kuwa mahubiri. Lakini vilimkuta mwenye kiu akiwa na kiu ya maji.

4. Naomi na Ruthu

Biblia inaye mkimbizi anayejiita mtupu. Naomi alikwenda Moabu kwa sababu ya njaa, akawazika huko mume na wana wawili. Aliporudi Bethlehemu aliwaambia wanawake wa mji kwamba aliondoka amejaa na Bwana amemrejeza mtupu (Rut. 1:21). Tuangalie mambo mawili. Kwanza, utupu wake haukuwa ukosefu wa Mungu. Alimtaja Mungu kuwa ndiye aliyemtenda hivyo. Maombolezo hayo ni imani inayolia. Pili, Ruthu alikuwa amesimama kando yake, wala hakumsahihisha. Alikwenda kuokota masazo. Baadaye Boazi akampa Ruthu shayiri ili asirudi kwa mkwewe mikono mitupu (3:17), na neno la Kiebrania hapo ni lile lile alilolitumia Naomi. Hivyo jibu la kwanza la Mungu kwa malalamiko ya Naomi lilifika katika shuka la mkwewe.

Hapa wengine watasema kwamba twaugeuza uinjilisti kuwa huduma za jamii. Sivyo. Imani huja kwa kusikia (Rum. 10:17), na shayiri peke yake haisemi nani ametuma. Wanawake wa Bethlehemu hatimaye walifungua vinywa wakamhimidi Bwana mbele ya Naomi (4:14). Nyumba iliyofagiwa na kuachwa bila mkaaji ina hatari kuliko ya kwanza (Mt. 12:43-45), mtu aliyeamriwa kuchoma hirizi, kisha asipewe Neno, Meza ya Bwana na ndugu wa kumkesha akiugua, atarudi kwa mganga. Tunachokipinga si kuhubiri, bali kuhubiri kabla ya kusikia.

Luther, katika hoja za Heidelberg za mwaka 1518, alifundisha kwamba mtu hukata tamaa juu ya nguvu zake mwenyewe kabla ya kuipokea neema. Lakini hiyo ni kazi ya Mungu kwa njia ya sheria yake, si ustadi wa mhubiri. Na Ungamo la Augsburg, kifungu cha 5, lamwachia Roho Mtakatifu mahali na wakati wa kuiumba imani.

5. Hitimisho

Paulo asema juu ya mmoja aliyejifanya mtupu kwa hiari yake (Flp. 2:7). Union Version yasema juu ya kukosa utukufu, lakini neno la Kiyunani ni la kujimwaga. Kristo hakuja kuuonyesha utupu wetu kwa kidole. Aliingia ndani yake. Kwenye kisima cha Samaria ni yeye aliyeanza kuomba maji (Yn. 4:7). Basi mwanafunzi wa theolojia atakayepangiwa usharika wa Mpanda na ajifunze kwanza historia ya watu wake, awaache waomboleze ibadani bila kuwakatiza, na aombe maji kabla ya kuyatoa. Luther alipofariki mwaka 1546 iliachwa karatasi ambamo alijihesabu kuwa mmoja wa waombaji. Mwinjilisti naye yumo katika hesabu hiyo.