Desa: Ufundi wa Kufupisha Kitabu

Desa ni notsi zilizofupishwa: kitabu kizima, au mada nzima ya somo, iliyokusanywa katika kurasa chache ambazo mwanafunzi anaweza kuzisoma usiku na kuzirudia asubuhi. Neno hili lilizaliwa midomoni mwa wanafunzi wa Tanzania na halina sifa njema sana, kwa kuwa kudesa ni pia kuchungulia majibu ya jirani. Jina la heshima zaidi lingekuwa muhtasari. Hilo limetoka kwenye Kiarabu, mukhtasar, ambalo kwa karne nyingi limekuwa jina la vitabu vifupi vya fikihi, vile ambavyo mwanafunzi huvihifadhi kabla hajaingia kwenye vitabu vikubwa. Lakini shuleni muhtasari umekwisha kuchukuliwa na ofisi: ni waraka unaoorodhesha mada za somo. Desa likabaki desa, na wanaolitengeneza vizuri wanastahili heshima kubwa kuliko neno lenyewe linavyowapa.

Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za Buha, desa hutoka steshenari. Ni kibanda chenye kompyuta, printa na mashine ya kutolea kopi, vyote vikifunikwa kitambaa jioni kwa sababu ya vumbi jekundu. Wateja wake ni wanafunzi wa sekondari, wanachuo wa ualimu na walimu wenyewe. Wilaya hizi pia zimepokea wakimbizi: kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na Nduta, Kibondo, ikafunguliwa tena mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi, na shule za kambini zimefuata mitaala ya nchi walikotoka. Mahali ambapo nakala moja ya kitabu huzunguka mikono mingi, kurasa ishirini zilizopangwa vizuri ni mali. Oktoba ikifika, mtihani wa kidato cha nne ukiwa umebakiza wiki chache, mashine hizo hazipoi.

Kazi huanza mbali na kompyuta, kwenye kusoma. Kibondo ni nchi ya asali, na mrina asali anajua kwamba si kila sega linavunwa. Yenye majana huachwa mzingani. Mfupishaji naye huchagua. Chukua Takadini ya Ben Hanson, riwaya iliyosomwa kwa miaka mingi katika sekondari za Tanzania. Sekai anajifungua mtoto mwenye ualbino katika jamii ambayo haiwapi watoto kama hao nafasi ya kuishi, naye anatoroka naye hadi kijiji cha Mzee Chivero. Desa baya huandika: “Dhamira: mila potofu,” kisha huruka kwenye dhamira inayofuata. Mwanafunzi akikariri hayo anaingia kwenye mtihani na jina la kitu bila kitu chenyewe. Desa zuri hutaja dhamira, likaweka chini yake tukio moja linaloibeba, yaani mama anayeondoka na mtoto mgongoni, kisha likaandika namba ya ukurasa. Namba hiyo ndiyo roho ya desa. Bila hiyo desa hukaa mahali pa kitabu; ikiwepo, ni njia ya kurudi kitabuni.

Wapo wasemao kufupisha ni uvivu. Anayekopi desa la mwenzake huenda ni mvivu kweli. Aliyelitunga hakuweza kuwa mvivu, kwa sababu hakuna anayeweza kusema ni tukio lipi kati ya hamsini linabeba riwaya kama hajayapima yote hamsini.

Baada ya hapo ndipo inapokuja programu ya kuandikia. Wachapaji wengi huitumia kama taipureta: kichwa cha habari hukolezwa kwa mkono, namba huandikwa moja moja, na nafasi hupatikana kwa kubonyeza kitufe mara kumi. Fundi hutumia mitindo. Huiambia kompyuta kwamba mstari huu ni sura, ule ni dhamira, na ule mwingine ni tukio. Umbo la kila daraja huamuliwa mara moja tu, na kulibadilisha hubadilisha mistari yote ya daraja hilo. Namba hujipanga, na orodha ya yaliyomo hujitengeneza. Faida kubwa zaidi ni ya fikra. Mtu akilazimika kuamua kama “utu” ni dhamira kuu au ni tawi la dhamira nyingine, amelazimika kukielewa kitabu. Hapo kupanga ukurasa kunakuwa usomaji wa pili, na mara nyingi ndio ulio mkali zaidi.

Kiswahili kina madai yake. Programu iliyowekwa kwa Kiingereza hupigia mstari mwekundu karibu kila neno, na mchapaji huzoea kuupuuza hata pale anapokosea kweli. Dawa ni kubadilisha lugha ya matini. Desemba 2004, kwa mradi ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoka Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010, ina kikagua tahajia cha Kiswahili na hailipiwi. Kisha kuna urefu wa maneno. Neno kama “wasingeliwaonyesha” ni sentensi nzima. Ukurasa ukigawanywa safu mbili ili kubana karatasi, na mistari ikanyooshwa pande zote, matundu meupe hutokea kati ya maneno kama barabara iliyoliwa na mvua. Ni heri kunyoosha kushoto peke yake, au kukata maneno kwa silabi: baada ya irabu, bila kuitenganisha ng’ wala sh, na bila kuiondoa n kwenye konsonanti inayoifuata.

Desa la Kifaransa, la wanafunzi wa kambini, lina shida nyingine: alama za juu ya herufi. Ou bila alama ni “au”. Ikiwa na alama ni “wapi”. Mchapaji anayeziacha ili kuokoa muda amemwachia mwanafunzi kitendawili.

Umeme nao umewafunza watu. Kabla ya gridi ya taifa kufika, miji hii iliwashwa na majenereta ya dizeli, na tabia ya kuhifadhi faili kila baada ya aya ilianzia huko. Fundi mzuri bado anayo, na huweka nakala ya pili kwenye flashi. Faili la kupelekwa steshenari nyingine hugeuzwa kuwa PDF, maana fonti isiyopatikana kule hubadilishwa na nyingine, mistari ikahama, na namba za kurasa zikadanganya.

Mwisho ni karatasi. A4 ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne, hivyo desa la kurasa 32 hula karatasi nane tu. Ukurasa wa 1 hukaa ubavuni mwa wa 32, wa 2 ubavuni mwa wa 31; programu hupanga yenyewe ikiambiwa itoe kijitabu. Pini mbili kwenye mkunjo zinatosha. Herufi zisishuke chini ya pointi 10, kwa kuwa kopi ya kopi hufifia na wengine husomea taa ndogo. Pambizo ya nje iwe pana, mwenye desa aandike yake. Chini ya kila ukurasa, kwa herufi ndogo, huwekwa jina la kitabu, toleo lake, na mwezi na mwaka desa lilipotengenezwa. Mtaala ulioboreshwa umeanza kutumika kwa awamu tangu Januari 2024, na anayeokota desa la zamani anahitaji kujua ni la mtihani upi.