Winchi Inayoazima Nguvu ya Usukani

Nilipofika gereji pale Kasenga, mjini Uvira, bampa ilikuwa imeshafunguliwa na kuegemezwa ukutani. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ ilisimama uani kama mzee aliyeng'oka meno ya mbele. Winchi ilikuwa chini, juu ya gunia: ngoma, giaboksi, na mota ya haidroliki isiyozidi ukubwa wa kopo la maziwa ya unga. Mwenye gari alikuwa ameizunguka mara tatu, kisha akamgeukia fundi.

"Fundi, kidude hiki kitang'oa gari kwenye matope kweli?"

"Hicho haking'oi kitu, papa. Pampu ya usukani ndiyo inayong'oa. Hicho kinaazima tu."

Jibu hilo ndilo kazi nzima. Mota ya winchi hii haina nguvu yake yenyewe. Huzungushwa na mafuta yale yale yanayolainisha usukani. Ukiielewa njia ya mafuta hayo umeielewa winchi. Usipoielewa, utakuwa na chuma kizito cha kupamba pua ya gari.

Kwa nini si ya umeme, ambayo ni rahisi kufunga? Winchi ya umeme ikivuta kwa nguvu zake zote hunywa ampea 400 hivi. Kwa betri ya volti 12 hiyo ni karibu kilowati 5, na sehemu kubwa inageuka joto ndani ya mota. Baada ya dakika chache lazima uipumzishe. Tena mota ya umeme haipendi maji, na Uvira si mji wa kuyakwepa. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 Mto Mulongwe ulifurika ukazoa nyumba. Ukienda kusini kuelekea Baraka, kila mto unaoshuka milimani una siku yake ya hasira. Winchi ya haidroliki inaweza kuzama kabisa ikaendelea kuvuta, mradi injini inanguruma. Hapo ndipo penye udhaifu wake: injini ikizimika mtoni, winchi nayo imekufa.

Kuifunga kwenye shasi hakukuchukua muda. Bamba nene la chuma, bolti za daraja la 8.8 zikikamata reli zote mbili za shasi, basi. Anayechomelea winchi kwenye bampa tupu anaandaa bampa ya kuokota njiani.

Saa nyingi ziliishia kwenye mipira ya presha. Zamani mafuta yalitoka pampu yakaenda moja kwa moja kwenye boksi la usukani. Sasa fundi aliikatiza safari hiyo akaweka vali katikati. Vali ikiwa imetulia, mafuta yanapita tu, na dereva hahisi tofauti. Ukibonyeza swichi, sumaku ya umeme inasukuma pini ya ndani, mafuta yanazungukia kwanza kwenye mota ya winchi, kisha ndipo yanaendelea kwenye usukani. Kwa hiyo winchi na usukani wamepanga foleni kwenye mpira mmoja na wanagawana presha. Winchi ikivuta mzigo mzito, usukani unakuwa mgumu, na ukilazimisha kukata kona unaipunguzia winchi nguvu.

Kila mpira ulipokatwa, fundi aliumiminia mafuta safi mara mbili na kuyaacha yamwagike, kisha akaziba ncha kwa nailoni. Nilinyamaza, maana najua anachokiogopa. Niliwahi kufunga moja kwa haraka bila kuosha mipira. Unga wa raba uliingia kwenye vali, pini ikakwama nusu njia, na ngoma ikaendelea kuzunguka baada ya mimi kuachia swichi. Nilikimbilia ufunguo wa injini huku ndoano ikikaribia rejeta.

Kutoa hewa nako hakutaki pupa. Magurudumu ya mbele yaliinuliwa kwa jeki, injini ikiwa imezimwa, usukani ukazungushwa kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, mara ishirini hivi, huku kijana akiongeza mafuta kwenye kopo la pampu. Mafuta yakigeuka rangi ya maziwa, bado kuna hewa. Pampu ikinung'unika, hewa haijaisha.

Madereva wengi hukosea hapa: wakiona winchi inaenda polepole, wanakanyaga mafuta. Pampu ya usukani ina vali inayozuia mtiririko usipande kupita kiasi, kwa hiyo baada ya mzunguko fulani unachoma dizeli bure. Piga hesabu. Presha ya bar 100 na lita 10 kwa dakika ni kilowati 1.7 tu. Toa hasara za mota na giya, kwenye kamba inafika kama kilowati 1. Kwa mzigo wa tani 4, hiyo ni mita moja na nusu kwa dakika. Winchi hii ni ya mwenye subira.

Ukitaka nguvu zaidi, ongeza roda. Kamba ikipita kwenye roda na kurudi kwenye gari, nguvu inakaribia mara mbili na mwendo unashuka nusu. Mabaharia wa pwani, ambao winchi wao huiita duara, wanalijua hilo tangu enzi za majahazi. Mwaka 1915 Waingereza walizivusha mashua mbili, Mimi na Toutou, kila moja mita 12 hivi, juu ya milima ya Mitumba kuzifikisha Lukuga kwenye Ziwa Tanganyika, ziwa hili hili la Uvira. Walikuwa na trekta za mvuke na makundi ya ng'ombe, lakini kwenye miinuko mikali walitegemea kamba na roda.

Jioni walilifunga lori bovu kwa kamba, ngoma ikibakizwa mizunguko mitano ili mzigo usishikwe na kibanio cha ncha ya kamba peke yake. Lori lilisogea pole pole, bila kelele.

"Fundi, mbona usukani umekuwa mzito?"

"Uache, papa. Vuta kwanza, kata kona baadaye."

Kisha akazima injini, akachukua kipande cha gazeti kikavu na kukipitisha kwenye kila kiungo cha mpira. Cha nne kikaacha doa la mafuta. Akaitisha spana.