Kuhukumu Usafi wa Sarafu Kongwe za Shaba za Pwani

Miongoni mwa wauzaji na wakusanyaji wa sarafu kongwe za pwani ya Afrika Mashariki imezuka desturi mbaya ya kuisifu sarafu ya shaba kwa kadiri inavyong'aa, hata pesa ya Sultani Barghash bin Said, ile yenye mizani upande mmoja na mwaka 1299 wa Hijria, hupewa nafasi ya mbele kabatini kwa sababu tu imesuguliwa kwa ndimu na jivu ikageuka rangi ya waridi. Rangi hiyo ni ya shaba iliyochunwa, kwa kuwa asidi ya ndimu, ukwaju au siki haitofautishi uchafu na ngozi ya sarafu.

Kutu ya shaba ina tabaka. Iliyogusana na metali ni kupriti, yaani oksidi ya shaba yenye wekundu wa kuiva au ukahawia, na juu yake hukaa malakiti, ambayo ni kabonati ya kijani iliyoshikana na mchanga wa ardhini. Malakiti inaweza kupunguzwa, lakini kupriti haiguswi, na sababu yake huonekana vizuri zaidi katika sarafu ndogo za Kilwa zilizopigwa na masultani kama Ali bin al-Hasan na al-Hasan bin Sulaiman, ambazo maandishi ya upande mmoja hupatana kwa vina na ya upande wa pili. Nyingi kati ya hizo zimezikwa kwa karne kadhaa hata metali ya juu ikageuka kupriti yote, kiasi kwamba herufi zimo ndani ya kutu yenyewe, wala shaba iliyo chini yake haina tena alama yoyote. Anayeivua ngozi hiyo ili aifikie shaba hubaki na kipande kitupu, kisicho na sultani wala kina.

Kwa hiyo anayehukumu kazi ya usafishaji hatazami migongo ya herufi, ambako macho ya mgeni hukimbilia, bali hutazama mashina yake, yaani pale ukuta wa herufi unapokutana na uwanda wa sarafu. Sarafu hushikwa kwa kingo, ikalazwa ili mwanga uipige kutoka ubavuni, na lenzi ikaelekezwa kwenye matundu ya mim na waw. Shina likiwa la waridi, asidi imepita hapo. Ukuta ukiwa umelainika na kuteleza kuelekea uwandani, brashi ya waya ndiyo iliyofanya kazi. Chembe ya kijani iliyoachwa ndani ya tundu la waw, ilhali pembe ya herufi ingali kali, huonyesha mkono uliojua pa kukomea, na hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Mafundi wa zamani walikuwa na muda mwingi na dawa chache. Waliloweka sarafu katika maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke na kupozwa yakawa hayana chumvi, wakayabadilisha mara kwa mara, kisha wakaing'oa kutu kwa ncha ya mwiba au kijiti, punje baada ya punje. Walaghai nao wana ustadi wao: sarafu iliyochunwa hufungiwa kwenye chombo pamoja na kiini cha yai la kuchemsha, salfa yake ikaitia weusi unaodaiwa kuwa wa uzee. Weusi huo hujifichua kwa kuenea sawasawa, mgongoni na shinani. Rangi halali ya sarafu ya Kilwa ni kijani kilichofifia juu ya ukahawia, na mwenye kupenda nyingine akusanye vifungo.

Lipo jambo moja linaloruhusu haraka. Unga mwepesi wa kijani unaorudi kila ukifutwa ni dalili ya kloridi, chumvi iliyojificha chini ya kupriti, ambayo ikipata unyevu na hewa huzalisha asidi inayoendelea kuila shaba. Sarafu ya namna hiyo hutengwa na kuwekwa pakavu kabisa, jambo gumu katika hewa ya pwani, kisha hupelekwa kwa mtaalamu wa uhifadhi wa makumbusho. Isiyo na unga huo, hata kama haisomeki, iachwe na kutu yake.