Nani Alitangulia?

Chundwa ni kijiji cha Wabajuni upande wa mashariki wa kisiwa cha Pate, pwani ya Kenya, jirani na Mbwajumwali. Watu wake hulima na huvua, na minazi wanayoangua leo ilipandwa na watu waliokwisha kuzikwa. Mara nyingi shamba hurithiwa bila kugawanywa: baba huondoka, watoto huendelea kula nazi pamoja, kisha nao huondoka, wajukuu wakatawanyika Lamu, Mombasa na nchi za Ghuba. Mpaka siku mmoja wao atakapotaka haki yake. Hapo hutafutwa mjuzi wa nasaba, na kazi ya mtu huyu inastahili kutazamwa kwa utulivu na heshima, kwa kuwa wengi tunaona matunda yake bila kuona jasho lake.

Kukariri majina si kazi kubwa. Mtoto wa chuoni aweza kufikisha "bin" saba bila kukwama. Mjuzi huanzia kwenye swali zito zaidi: nani alitangulia kufa?

Tuseme mwenye shamba alifariki akaacha mke, mama, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu, mke ana thumuni (moja ya nane) na mama ana sudusi (moja ya sita). Kinachobaki ni cha watoto, wa kiume akipata mara mbili ya wa kike. Shamba likikatwa mafungu 72, mke ana 9, mama 12, mwana 34 na binti 17. Hesabu imekaa sawa. Lakini ikiwa yule mama mzee alikufa mwezi mmoja kabla ya mwanawe, fungu lake halipo kabisa: mke anabaki na 9, mwana anapata 42 na binti 21. Na ikiwa alikufa mwezi mmoja baadaye, yale 12 yalikuwa mali yake halali, nayo yanakwenda kwa warithi wake yeye, yaani watoto wake waliobaki hai. Ami na shangazi za wale watoto, ambao hawakuwa na kitu, wameingia shambani kwa mwezi mmoja wa uhai wa kikongwe. Vifo vikifuatana vizazi vinne au vitano bila mgawo, kila kifo hufungua hesabu mpya ndani ya hesabu ya zamani. Wanazuoni wa mirathi huiita munasakha, na anayeiweza kwa kalamu na karatasi ni wa kupewa shikamoo.

Sasa, utajuaje mwezi wa kifo ambacho hakikuandikwa popote? Mjuzi hamwulizi mtu tarehe, kwa kuwa akiuliza atapewa ya kubuni. Huuliza kilichokuwa kikitendeka. Mzee alipozikwa, mahindi yalikuwa yamevunwa? Ilikuwa kusi au kaskazi? Kilio kilifanyika kabla ya watu kukimbia vijiji vya bara wakati wa vita vya Shifta, miaka ya 1960, au baada yake? Jibu moja hushuhudia, la pili huthibitisha, la tatu hupinga, naye hurudi tena kwa yule wa kwanza na swali jingine.

Majina nayo yana mitego. Kwetu jina la babu humrudia mjukuu, kwa hiyo Shee bin Athman bin Shee aweza kuwa na mjukuu anayeitwa Shee bin Athman bin Shee vilevile. Asiye makini huwafanya watu wawili kuwa mmoja, na vizazi viwili vikapotea shambani. Mjuzi huwatenganisha kwa mama zao, na ndiyo maana kituo chake kikubwa ni kwa bibi wazee. Hao ndio wanaokumbuka nani aliolewa wapi, nani alizaliwa baada ya arubaini ya nani, na nani alinyonya kwa nani. Hilo la mwisho lina uzito wake: ndugu wa kunyonya hawaoani, lakini pia hawarithiani, na kuwachanganya na ndugu wa damu ni kuharibu kotekote.

Kisha huenda shambani kwenyewe. Pwani yetu mti waweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwingine, kwa hiyo huuliza mara mbili: nani alipanda, na alipanda katika ardhi ya nani? Mnazi wenyewe hutoa ushahidi. Hutoa kuti takriban moja kila mwezi, na kila kuti likianguka huacha kovu shinani; kwa makovu hayo umri wa mti hukadirika. Mtu hawezi kuwa alipanda minazi iliyoota baada ya mazishi yake.

Kisiwa hiki kina mfano mkubwa wa kwa nini maneno lazima yapimwe na ardhi. Bwana Kitini, wa ukoo wa Nabahani, aliwasimulia waandishi kadhaa habari za wafalme wa Pate, na mmoja wao, Stigand, akazitia katika kitabu chake cha 1913. Habari hizo zinasema Wanabahani walifika mwaka 600 wa Hijra (karibu 1203 Miladi). Mwaka 1969 mwanaakiolojia Neville Chittick alizihakiki akaona sehemu zake za mwanzo haziwezi kutegemewa kwa tarehe. Baadaye mwanaakiolojia mwingine, Mark Horton, alichimba Shanga, kisiwani humuhumu, akakuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine tangu karne ya 8 Miladi, karne nyingi kabla ya tarehe hiyo ya Wanabahani. Bwana Kitini hakudharauliwa kwa hilo. Habari zake zingali hazina. Zimewekwa tu mahali pake.

Ufundi huu haujali rangi wala utajiri. Mchukue William Northrup McMillan, Mmarekani aliyezaliwa St. Louis mwaka 1872, akamiliki maelfu ya ekari Juja na Ol Donyo Sabuk, na kumkaribisha Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, mwaka 1909. Anayeufuata ukoo wake ana karatasi tele, lakini bado atalazimika kusoma jina kama mjuzi wa Chundwa. Lile Northrup la katikati ni ukoo wa mama yake, Eliza Northrup. Njia ya upande wa mama imefichwa mle ndani. Upande wa baba humvusha mpaka Hamilton, Ontario, alikotoka baba aliyetajirika kwa mabehewa ya reli. McMillan alifariki mwaka 1925, mkewe Lucie akabaki na kumjengea maktaba ya kumbukumbu, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1931. Hapo tena, aliyetangulia na aliyebaki ndiyo habari yenyewe.

Tofauti kati ya McMillan na mkulima wa Chundwa iko kwenye hati. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwataka wenye ardhi wa Pwani wapeleke madai yao, na isiyodaiwa ikahesabiwa ya Serikali. Bwana wa Juja alikuwa na mawakili. Mkulima wa visiwani alikuwa na mashahidi. Mjuzi wa nasaba ndiye aliyeubeba ushahidi huo mpaka leo.

Napenda zaidi uadilifu wake. Utumwa ulifutwa kisheria Pwani hii mwaka 1907, na watumwa waliolima mashamba makubwa kabla ya hapo wengi walitajwa bila majina ya baba zao. Mjuzi mwaminifu hawaundii ukoo wa kupendeza, wala hawatumii kumfedhehesha mjukuu wao mbele ya watu. Panapokosekana jina huacha pengo, na hulitetea pengo hilo hata akiahidiwa fungu.

Wajuzi hawa wakae na vijana wanaojua kuandika, na watendewe kama mafundi, walipwe. Binti mwenye mafungu 17 katika 72 huenda anaishi Mombasa na hajui kwamba ana haki Chundwa. Akiitwa akapewa chake, nasaba imefanya kazi yake.